Gidamu ya Mwalimu Uledi

Mwalimu Uledi wa Rumonge, kando ya ziwa, asubuhi alisomesha Kurani, jioni alishona hirizi. Chuo kilimpa heshima. Hirizi ndizo zilizompa ugali. Mitumbwi ya wavuvi, kuanzia Magara mpaka kwake, ilibeba vifuko vyake vya ngozi. Mwenyewe hakuviamini hata chembe, lakini njaa mwana malegeza.

Alichokipenda kwa dhati ni tiara, vishada vya kurusha angani. Kurani ikishafungwa aliwapeleka watoto ufukweni. "Tazameni bendera ya watawala wetu Wadachi pale kambini," aliwaambia. "Kazi yake ya maana ni moja tu: kutuonyesha upepo unakotoka." Kisha kila mmoja akakimbia na ungo mikononi, akiukabili upepo. Ungo ukiinuliwa kidogo ukingo wa mbele ulitaka kupaa na mwenye kuushika. Watoto walicheka, na katika kucheka wakaelewa. Mama zao walizitafuta nyungo wakitukana.

Siku moja waliunda tiara kwa njiti za michikichi, karatasi ya dukani na uji wa muhogo. Ya Sikujua, binti wa mvuvi Assumani, ilipanda, ikazungukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, ikaanguka. Baba yake alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, hapo hapo. Akafungua hirizi ya mtumbwi wake, akaifunga kwenye mkia wa tiara. Ikapanda, ikatulia.

"Munaona?" Assumani akapiga kelele. "Hirizi ya Mwalimu iko na nguvu!"

Wavuvi wakashangilia. Sikujua akauliza, "Mwalimu, hirizi ndiyo inairusha?"

Uledi aliona moto pande zote mbili. Akisema ndiyo, masomo yote ya ungo yamekufa. Akisema siyo, jioni atakula upepo. Kwa kitambo kidogo alimchukia sana yule mtoto. Kisha akaishusha tiara, akaitoa hirizi na kumpa Assumani, akang'oa gidamu, ukanda wa ngozi wa kubadhi lake la mguuni, na kuifunga mahali pa hirizi.

Tiara ikapanda, ikatulia vile vile.

"Ni uzito wa mkia," alisema. "Hata ngozi ya mguu wangu unaonuka inatosha."

Assumani akamrudishia hirizi kwa mikono miwili. "Basi hii chukua, Mwalimu. Mimi nataka gidamu. Imetoka ku mguu wa mutu wa dini!"

"Na mimi!" wakadakia wengine.

Uledi alitamani kuwazamisha ziwani wote. Alipogeuka alimwona Sikujua ameishusha tiara mwenyewe na anafunga kitu mkiani. Ikapaa juu kuliko bendera ya Wadachi, imetulia, na mkiani zinaning'inia ndagala mbili za baba yake.

"Gidamu yako hii, Mwalimu," alisema. "Usichomwe na miiba."

Assumani alizitazama ndagala zake angani, mdomo wazi.

"Mwalimu," akauliza polepole, "sasa miaka yote hii mimi nafunga nini ku mutumbwi?"

Uledi aliinama, akaanza kurudishia gidamu yake.

"Ngozi, Assumani," alijibu. "Ngozi na njaa yangu."