Nilivyoitune processor ya FM nyumbani Mwisenge kwa ajili ya masikio ya baba, na tangazo alilolisikia

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimepita kwenye ule uzi wa vijana wanaobishana processor gani inapiga loud kuliko mwenzake, nikacheka peke yangu. Nikaona niwape ya kwangu. Hii si chai, kila kitu kilitokea. Nimebadilisha majina tu, maana wajukuu wa watu wa Bugwema wamo humu.

Kwanza niseme jambo litakalowaudhi baadhi. Musoma ile ya wakati wetu, kwenye mambo ya sauti, nilikuwa sina mpinzani. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Mwisenge, na redio iliyonishinda mimi ilikuwa haina matumaini tena.

Sasa tuanzie nyuma kidogo.

Baba yangu, mzee Wambura, alikuwa mkulima wa pamba kule Manyamanyama, Bunda. Msimu wa kulima ukiisha alikuwa anafanya kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ile miaka ya shida, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, yeye alikuwa na redio yenye mkanda wa kuvaa begani. Betri hazipatikani. Zikichoka anazianika juu ya bati kama dagaa, jioni zinaamka kidogo, anasikiliza.

Na hakuwa anasikilizia muziki. Alikuwa anasikiliza matangazo ya vifo.

Vijana mnaweza msielewe. Simu hakuna. Mtu akifariki Mwanza au Dar, ndugu wa kijijini wanajua kwa redio. Nyumbani kwetu ndipo nusu ya Manyamanyama ilikuwa inapata habari za misiba yao. Baba akisikia jina la mtu wa huko, anavaa koti, anaenda kugonga mlango wa wenyewe. Hakuwahi kumtuma mtu. Watu walikuwa wanamheshimu sana kwa hilo.

Zikaja enzi za ruksa. Maduka yakajaa redio mpya, kaseti, mitumba, kila kitu. Mama akafariki, nikamchukua mzee akaja kukaa na mimi na mke wangu, mama Neema, pale Mwisenge.

Hapo ndipo tulipogundua masikio yake yamekwisha. Kelele za zile mashine za pamba zilikuwa zimemla taratibu miaka yote. Lakini mzee alikuwa hataki kabisa mtu ajue. Ukimuuliza kitu anatikisa kichwa na kutabasamu, basi.

Sasa shangazi yangu Nyabise akafariki Bugwema. Tangazo likasomwa redioni mchana, mimi nikiwa kibandani, mke wangu sokoni. Mzee alikuwa amekaa uani, redio imewashwa, iko mapajani. Hakusikia kitu.

Dada yake wa tumbo moja akazikwa yeye hayupo.

Tulipokuja kupata habari na kwenda, baba mdogo Maira, ambaye ndiye mdogo wake, alimfokea mbele ya wafiwa wote. "Redio unayo, wewe ndo unatangaziaga watu wengine misiba yao. Ya dada umedharau. Usikanyage hapa tena."

Mzee akatikisa kichwa na kutabasamu.

Mnaelewa, wakuu? Hakusikia hata anafokewa nini. Watu wakaona anacheka msibani. Mimi nikajaribu kueleza, Maira akaniambia mtoto nisiingilie mambo ya wakubwa. Njiani ndiyo nikamwambia baba maneno yale, nikipiga kelele sikioni mwake. Tulipofika nyumbani aliichukua ile redio, akaiweka juu ya kabati, hakuigusa tena. Iliniuma mno.

Basi. Miezi ikapita. Fundi mwenzangu mmoja aliyekuwa anafanya kazi studio ya misheni nje ya mkoa akaniletea chuma. Processor ya FM, nzito, ya kijivu, mishale ya kupimia sauti mbele. Wao walikuwa wamepata mpya.

Kwa wasiojua: hii mashine inakaa kati ya studio na mtambo wa kurushia. Inagawa sauti mafungu mafungu, besi peke yake, katikati peke yake, juu peke yake. Fungu lililo chini inalinyanyua, linalotaka kuruka inalikandamiza. Ndiyo maana mtangazaji akinong'ona unamsikia, akicheka hakupasui masikio.

Niliichukua kwa ajili ya starehe zangu tu. Kaseti za rumba, kaseti za kwaya. Nikatengeneza na katransmita kadogo ka FM ili nisikilize popote ndani ya uzio. Msiniulize leseni, hata mbuzi wa jirani walikuwa hawainasi.

Siku moja nikaiunganisha na redio kubwa ya masafa mafupi. Mnajua masafa mafupi yanavyokuja na kupotea. Nikaona mtangazaji anapotea, lakini mshale unamfuata, unamvuta, anarudi. Hapo hapo nikamkumbuka baba.

Shida ya sikio la mzee ilikuwa hiyo hiyo. Sauti ndogo haipati, ukiongeza inamuumiza. Nafasi iliyobaki katikati ilikuwa nyembamba. Na kazi ya processor ni kuibana sauti ikae kwenye nafasi nyembamba. Nilisimama nikapiga makofi kama mwehu.

Nikamnunulia redio ndogo yenye FM, ya kunasa kale katransmita kangu. Nikaitune mashine siku nzima. Besi imejaa, juu kunang'aa, ukisikia kwenye spika zangu utasema umekaa studio. Nikampelekea mzee kwa kujiamini kabisa.

Akasikiliza. Akanirudishia.

"Magesa, hapo ni mtu amefungiwa kwenye pipa."

Na redio yenyewe ilikuwa inakohoa. Kuchunguza, mzee kaweka betri alizozitoa juu ya bati! Maduka yamejaa betri mpya, yeye bado anaanika. Nikamwambia nimnunulie nyingine, akagoma, hizi bado zina nguvu. Sasa betri iliyochoka haiwezi kusukuma besi. Kila ngoma ikipiga, redio inakata roho.

Kosa langu lilikuwa nimeitune kwa masikio yangu na spika zangu. Yeye ana masikio yake na betri za kuanika.

Nikaanza upya. Besi nikaikata karibu yote. Lile fungu linalobeba s, f, t na k, ambalo ndilo sikio lake lilikuwa halipati, nikalinyanyua hadi nikaona aibu. Limiter, ile inayozuia sauti isiruke, nikaibana. Sauti iliyotoka, wakuu, ilikuwa mbaya. Kopo tupu. Mpenda muziki yeyote angenitemea mate.

Lakini nitajuaje kama mzee anasikia? Maana kila nikimfokea sikioni, "Baba, unasikia?" anajibu, "Nasikia, nasikia." Nikimuuliza wamesema nini, "Mambo ya serikali." Alikuwa ananiridhisha tu nimwache.

Nikaamua nimpime bila yeye kujua.

Mke wangu alikuwa msomaji wa masomo kanisani, ana sauti ya utangazaji. Nikampa maikrofoni chumbani, nikamwambia saa za matangazo ya mchana nikizima masafa mafupi, yeye asome tangazo moja kwa mtindo wa redioni. Chochote, ila asimuue mtu, hayo mambo kwetu hayafanyiwi mzaha.

Nikavaa hedifoni, macho kwenye mishale. Mzee yuko uani na redio yake. Mama Neema akavuta pumzi, akasoma:

"Mzee Maira wa Bugwema anamwomba kaka yake, mzee Wambura aliyeko Mwisenge, Musoma, afike nyumbani Bugwema haraka."

Nikaduwaa. Baadaye nilipomuuliza kwa nini yale kati ya maneno yote, alinijibu, "Nilisoma yaliyokuwa moyoni."

Nikavua hedifoni, nikatoka mbio uani. Kiti kitupu. Redio iko juu ya kiti, imezimwa. Ndani koti la mzee halipo.

AMESIKIA!

Nakiri kwanza nilirukaruka. Kisha akili ikanirudia. Enzi zile ukiitwa nyumbani haraka kwa redio, jua kuna msiba. Mzee alikuwa anakwenda kuzika.

Nikamkuta stendi, anapanda lori lililokuwa linakwenda kubeba pamba. Nikarukia. Nikamfokea sikioni kuwa lile ni jaribio langu, hakuna aliyemwita. Injini inanguruma, upepo unavuma, na processor nimeiacha Mwisenge. Redio anaisikia, mimi hanisikii!

"Usilie, Magesa," akaniambia. "Hatujui bado ni nani. Tutakuta hukohuko."

Njia nzima mzee ananifariji mimi.

Tulifika Bugwema jua bado liko juu. Maira alikuwa mbele ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Alipomwona kaka yake, akasimama, panga mkononi. Niwaambie ukweli, niliogopa.

Mzee akaenda moja kwa moja mpaka mbele yake. "Maira, nimekuja. Nimesikia redioni unaniita. Ni nani ametutoka?"

Maira akamtazama. Akanitazama mimi niliyekuwa nyuma, natikisa kichwa, napunga mikono, namwonyesha masikio ya baba na kumwomba radhi kwa ishara zote ninazozijua.

Mzee hakungoja jibu. Akasema lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Ya dada sikuisikia, mdogo wangu. Masikio yalikuwa yamekufa, nikawa naona haya kusema. Redio nilikuwa naishikaga tu. Siku ile ulikuwa unanisemesha, sikujua unasema nini. Lakini hii ya leo nimeisikia. Umesema nije haraka, nimekuja."

Maira akaweka panga chini. Nikawa najua sasa anasema hajatuma tangazo lolote, na mzee wangu ataonekana amechanganyikiwa.

Akamsogelea kaka yake, akamshika mabega, akaweka mdomo karibu na sikio lake.

"Hakuna aliyekufa. Nilikuita mimi," akasema kwa sauti kubwa. "Nilikuita, kaka. Karibu nyumbani."

Nililia, wakuu. Safari hii kweli nililia. Wale wazee wawili wakashikana mikono wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la shangazi Nyabise, na mimi sikuwafuata.

Ile setting mbaya sikuigusa tena mpaka mzee anaondoka duniani. Rumba zangu nikazirudisha kwenye spika za kawaida, na mzee akarudi kwenye kazi yake. Ilikuwa ikitajwa familia yoyote ya Mwisenge au Bunda, tunamwona anatafuta koti.

Somo kwa mnaotune nyumbani: kabla hujagusa kitufe, jua nani anasikiliza, kwa redio gani, kwa betri gani. Sauti nzuri ni ile inayomfikia mwenyewe, hata kama wewe inakukera.

Karibuni. Mwenye mzee wa namna hii aniulize, nitampa setting zote bila choyo. Na wale wa besi njooni mnipinge, nipo.

Ila Maira msimguse. Siku tunamzika baba alisimama mbele ya watu wote, hakuna aliyemuuliza, akasema: "Huyu nilimwita mara moja tu kwa redio, akafika siku hiyohiyo."