Jina la Dada Yake Bibi

Nyumbani walimwita Profesa, kwa utani tu, maana huu mwaka wa nne anasomea shahada ya Taaluma za Afrika na hakuna aliyejua atatoka nani. "Historia kidogo, lugha kidogo, uchumi kidogo," kaka yake, fundi umeme, alizoea kusema. "Na balbu hajui kubadilisha!"

Bibi yao ndiye aliyemwamini. Macho yake yalikuwa yamekwisha, lakini kumbukumbu, weee! Wiki tatu nzima alimsimulia, kwa ajili ya tasnifu yake ya mwisho, habari za dada yake, aliyekamatwa zama za ukoloni akachimbishwa barabara, asirudi tena. Kaburi hakuna, picha hakuna.

"Sitaki kingine," bibi alisema. "Jina lake liandikwe kitabuni. Niahidi, mjukuu wangu."

Profesa akaahidi.

Kumbe tasnifu za shahada ile husainiwa na wasimamizi wawili, wa idara mbili. Mwalimu wa historia alilipigia jina mstari. "Safi! Historia bila majina ni hewa." Mwalimu wa sosholojia akalikata kwa wino mwekundu.

"Wahojiwa na ndugu zao hawatajwi."

"Lakini bibi mwenyewe ameomba, mwalimu."

"Na marehemu je, umemwomba ruhusa?"

Profesa akapanda ngazi, akashuka, kila mmoja akimrudisha kwa mwenzake, mpaka siku ya mwisho ikamkuta bado anahangaika. Ofisi inafungwa saa kumi, na asipokabidhi anarudia mwaka. Saa tisa na nusu aliketi kwenye kompyuta ya maktaba, akalifuta lile jina. Mahali pake akaandika "ndugu wa mhojiwa wa nne". Mwalimu wa historia naye, kwa kuchoka, akasaini bila kufungua.

Jioni bibi alijiweka sawa kitandani. "Haya, nisomee pale pa dada."

Alisoma. Alipofika pale, akalitamka jina kwa sauti, kana kwamba lipo.

Bibi akanyoosha mkono. "Liko wapi? Niwekee kidole."

Profesa akakishika kidole cha bibi, akakiweka juu ya ndugu wa mhojiwa wa nne. Bibi akapapasa karatasi, machozi yanamtoka, anacheka.

"Hapa?"

"Hapo hapo, bibi."

Kaka yake alikuwa amesimama nyuma yao. Akainama, akasoma pale kidole kilipokuwa. Siku hiyo hakutania.