Spika za Nyakio

Mtu alipokufa kati ya Kitengela na Kajiado, mara nyingi jamaa zake walimpigia Waweru simu kabla hata hawajanunua jeneza. Alikuwa na pikapu, jenereta, maikrofoni na spika kubwa nyeusi zilizomfikia mtu mzima kifuani. Alizisimamisha kando ya makaburi yaliyochimbwa katika udongo mweusi wa Kitengela, ule unaonasa viatu wakati wa mvua, na katika mawe ya Kajiado ambako wachimbaji hutumia mtaimbo. Harusi alizifanya pia, na mikutano ya wanasiasa, lakini mazishi ndiyo yaliyomlisha. Alijua kuichukua sauti ya mjane iliyokauka kwa kulia akaifikisha kwa mtu wa mwisho aliyesimama nje ya ua. Watu walisema Waweru anajua sauti, naye aliamini hivyo, mpaka mkewe alipougua.

Nyakio alikuwa akiuza vitunguu vya Kimana katika soko la Kitengela, redio ikining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake. Saratani ilipofika mifupani, madaktari walimrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Waweru alitoa sofa sebuleni, akahamishia kitanda hapo, karibu na dirisha. Jambo la kwanza aliloomba Nyakio ni televisheni iondolewe.

"Inaongea mchana kutwa na mimi sina la kuijibu," alisema. "Nataka muziki tu, Baba Wacuka. Si wa simu. Muziki wa kukaa ndani yake."

Alimwita mumewe kwa jina la binti yao, mwalimu huko Illasit, kama alivyomwita tangu binti huyo azaliwe. Muziki alioutaka ni ule wa magitaa wa ujana wao: gitaa moja hutembea chini polepole, kisha jingine jembamba huja juu yake kama mtu anayekatiza maongezi kwa adabu.

Waweru alikaribia kufurahi. Tangu hospitalini hakuwa amepewa kazi anayoiweza. Alitoa spika mbili stoo, akazisimamisha sebuleni, akapunguza sauti kadiri ilivyowezekana. Lakini mashine iliyoundwa kwa ajili ya uwanja haijui kunong'ona. Ilivuma, na muziki ukabaki mbali, nyuma ya mvumo.

Nyakio alisikiliza kidogo. "Hii ya kushoto si ndiyo ilisoma wasifu wa mama tulipomzika?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka. Ilikuwa na mkwaruzo huo huo." Alifumba macho. "Zirudishe, Baba Wacuka. Hizo zimezoea watu waliokwisha kwenda. Mimi bado niko hapa."

Kesho yake Waweru aliingia duka moja la vyombo vya umeme karibu na steji ya matatu za Namanga. Muuzaji, kijana aitwaye Nick, alimpeleka moja kwa moja kwenye wufa, spika za besi nzito, zilizopangwa ukutani zikimetameta taa za buluu.

"Chukua hii, mzee. Hii iko na besi ya kuamsha wafu." Kisha akamtazama vizuri. "Ngoja, si wewe ndio Waweru wa matanga? Basi hapo nimenyamaza. Hao wafu ni wako."

"Ongeza sauti."

"Mzee, majirani watahama."

"Ongeza kidogo."

Waweru aliweka kiganja juu ya sanduku, akasikia linapiga kama moyo wa ng'ombe. Akainunua. Hivyo ndivyo alivyozoea kuchagua: kilichosukuma hewa kwa nguvu ndicho kilichokuwa kizuri.

Wimbo wa kwanza ulipoanza nyumbani, Nyakio alifumba macho na Waweru akadhani ni raha. Baadaye aliona vidole vyake vimeng'ang'ania godoro.

"Inaingia kwenye mifupa," Nyakio alisema.

Kabla hajaizima, mlango ulibishwa. Alikuwa Ebla, jirani yao mwuza vitambaa, mkononi chupa ya chai ya maziwa ya ngamia aliyomletea mgonjwa kila siku.

"Baba Wacuka, sisi tunajua umefungua klabu," alisema. "Vikombe vyangu vyote vinacheza. Hata sufuria imesimama inataka mchumba."

Nyakio alicheka, na kucheka kukamuumiza, akaendelea kucheka.

Ndipo Waweru akampigia simu Mbuvi, fundi wa Kajiado ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyemrekebishia spika zilizoungua. Mbuvi alisikiliza habari yote.

"Wewe unanunua nguvu," alisema. "Chumba kidogo, mgonjwa amelala, unamletea mashine ya disko. Kwanza tafuta spika anazozipenda yeye. Halafu amplifaya ndogo, safi, ya kuzisukuma. Na usichague kwa masikio yako."

"Masikio yangu yamefanya nini?"

"Nitakuja Jumamosi," Mbuvi akasema.

Alikuja na amplifaya ya zamani isiyo na taa wala kioo, vitufe viwili tu vya kuzungusha, na jozi mbili za spika za kutosha kubebwa kwapani. Aliziweka juu ya stuli, mbali na ukuta, zikiwa sawa na kichwa cha mtu aliyelala, akazigeuza kidogo kidogo mpaka zote mbili zikamtazama Nyakio.

Jozi ya kwanza ilikuwa na vinywa vya kitambaa, pale zinapotokea sauti nyembamba. Wimbo ulipoanza, uso wa Nyakio ulilegea kama mtu aliyevuliwa viatu. Gitaa jembamba lilipoingia, aliinua kidole juu ya blanketi. Waweru alikitazama kidole, akazitazama spika. Alikuwa amesikia gitaa la chini, ngoma na mwimbaji. Kingine hakukisikia.

Mbuvi akabadilisha. Jozi ya pili ilikuwa na vinywa vya chuma, na kwa wimbo ule ule Nyakio alikunja uso kidogo. Lakini Waweru aliinua kichwa. Kwa mbali, kama kutoka ploti ya jirani wa tatu, kulikuwa na kitu kinachodonoa. Alipogeuka, Nyakio alikuwa akimtazama yeye.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia nini?"

"Gitaa. Kwa zile za kwanza hukusikia kitu. Ulikaa kama mtu anayengoja basi."

Mbuvi aliinama kwenye nyaya. "Ni hii kazi, Mama Wacuka," alisema bila kuinua uso. "Kusimama mbele ya masanduku miaka yote. Sote tumeliwa masikio."

"Tangu lini?" Nyakio alimwuliza mumewe.

"Kitambo."

"Kumbe ndio maana nilikuwa nikikuita kutoka jikoni huitiki. Mimi nilidhani umenichoka."

Waweru hakujua aweke wapi mikono yake.

"Chukua hizi za chuma," Nyakio akasema.

"Zinakuumiza. Nimekuona."

"Kidogo tu. Nitazizoea."

"Zile laini ndizo zako."

"Mimi nitazisikiliza mpaka lini? Wewe ndio utabaki nazo."

"Usiseme hivyo."

"Ni nani mwingine atasema? Wewe?"

Waweru alimgeukia Mbuvi akamwambia aache zile laini na abebe nyingine. Kuchukua za chuma kungekuwa kukubaliana na mkewe, na hilo hakuliweza. Nyakio hakubishana tena. Katika ndoa yao yote ilikuwa nadra Waweru kumshinda kwa maneno, na ushindi huu haukumfurahisha, kwa sababu alijua hakumshinda. Mkewe alikuwa tu amechoka.

Basi wakawa wanasikiliza alasiri, mwanga wa dirisha ukihama juu ya blanketi. Waweru alikaa kando ya kitanda, macho yake kwenye mkono wa mkewe. Kidole kilipoinuka, alisema, "Tamu." Nyakio alijua anachofanya, akamwacha. Siku nyingine kidole kiliinuka kwa shida. Baadaye alitumia macho tu, na Waweru akajifunza kuyasoma hayo pia.

Nyakio alifariki alfajiri moja ya Aprili, muziki ukiwa umezimwa.

Siku ya mazishi, wenzake Waweru wa kazi walileta spika zao ili yeye, kwa mara ya kwanza, akae hemani kama mtu wa familia. Wacuka alisimama kusoma wasifu wa mama yake. Katikati ya kusoma, maikrofoni ilipiga mluzi. Waweru hakuusikia. Aliona wanawake wa mstari wa mbele wakiziba masikio, akaelewa, akainuka, akapita mbele ya jeneza na viatu vyake vizito kwa matope mpaka kwenye mashine, akashusha kitufe kimoja. Kisha akarudi kukaa. Wacuka aliendelea pale alipoishia. Watu waliokuwepo wanalisimulia hilo hadi leo, wengine wakisema Waweru ni mtu wa kazi, wengine wakisema huzuni ilikuwa imemchanganya.

Mvua zilipokwisha, Mbuvi alikuja bila kupiga simu. Nyuma ya gari lake zilikuwa zile spika za chuma.

"Tuzijaribu tu," alisema. "Ukikataa nazirudisha."

Waweru hakukataa wala kukubali. Mbuvi aliziondoa zile laini, akaziweka chini karibu na mlango, akaziunganisha za chuma na kucheza wimbo uliokuwa ukichezwa kila alasiri.

Gitaa jembamba halikuwa la kupita tu, kama Waweru alivyodhani kwa kukifuata kile kidole. Lilikuwepo karibu wimbo mzima, likimjibu mwimbaji, likimtania, likinyamaza kidogo na kurudi upande mwingine. Ulikuwa wimbo mwingine kabisa. Waweru alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake magotini.

"Yeye alikuwa akiusikia hivi?" aliuliza.

"Vizuri kuliko hivi," Mbuvi alisema. "Zile ndizo bora. Hizi zina ukali, na wewe unapata ule ukali tu."

"Kwa hivyo tulikuwa tumekaa hapa, kila mtu na wimbo wake."

Nje, Ebla alikuwa akimwita mtoto aingie ndani ale.

Waweru aliinuka, akaziinua zile spika laini, moja kila kwapa, akazipeleka mpaka garini mwenyewe. Mbuvi alimfuata.

"Si lazima niende nazo. Zinaweza kukaa tu hata bila waya."

"Hapana. Mpe mtu mwenye masikio."

"Una hakika?"

"Hizo zilikuwa za Nyakio," Waweru alisema. "Aliniambia nani atabaki. Mimi ndio nilikataa kusikia."

Gari lilipoondoka alirudi ndani. Hakurudisha televisheni, wala sofa. Alivuta kiti cha plastiki mpaka pale kilipokuwa kitanda, katikati ya spika mbili, akaanzisha wimbo upya.