Unga Mweusi wa Kabatini

Chupa ile niliipeleka nyumbani mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na unga mweusi niliokuwa nimeutengeneza maabara, chuoni, kwa maganda ya kahawa ya shamba letu la kijijini Ruanda. Mama aliiweka kwenye kabati la vyombo, katikati ya vikombe vya harusi yake ambavyo hata mchungaji hajawahi kunywea, na kila mgeni akawa anaonyeshwa.

Kuutengeneza ni kazi ya kuchosha. Maganda tunayachoma kwenye tanuru lisiloingiza hewa, tunayaloweka kwenye kemikali kali, tunayachoma tena, kisha tunayaosha mpaka mikono inakufa ganzi. Kinachobaki ni mkaa wenye vitundu vidogo mno, ambavyo hadubini ya shule haiwezi kuviona. Jumapili ya safari hiyo mama alinisimamisha kanisani baada ya matangazo, bila hata kuniomba ruhusa, nieleze. Nikasema vitundu hivyo hukamata sumu tumboni, na kwamba sisi tunataka siku moja vibebe dawa mpaka pale penye ugonjwa. Kwenye sumu watu walipiga makofi. Nilipofika kwenye dawa walikuwa wameshaanza kutafuta viatu vya watoto chini ya mabenchi.

Mdogo wangu ana kifafa. Vidonge vilikuwa vimekituliza kwa miaka mingi, hata akaweza kufungua kibanda cha nguo Mlowo, mzigo akiufuata mwenyewe mpakani Tunduma. Miezi michache baada ya safari yangu ile, akaanza kuanguka tena. Kwanza alianguka kibandani, juu ya marobota. Halafu akaanguka ukingoni mwa barabara kuu, lori la kutoka mpakani likija kwa kasi, na mpakia mizigo mmoja akamvuta kwa sketi. Niliposimuliwa hilo kwenye simu, nilimpigia daktari wake.

Daktari alisema bila shaka anaruka dozi. Nami nikamwamini, nikapanda basi na hasira zangu, nikafika nikamfokea kabla hata sijavua viatu. Aliapa kwamba hajaruka hata siku moja. Mama ndiye aliyekuwa akimpa kwa mkono wake, tangu alipoanguka mara ya kwanza na hata kabla.

Asubuhi yake nikakaa mezani kama askari, nione kwa macho yangu. Mama akaleta uji. Akaweka kidonge pembeni. Kisha akaenda kabatini, akafungua chupa yangu, akachota kijiko kizima akakoroga, na uji ukageuka mweusi kama lami. Nikaitazama ile chupa. Nilikuwa nimeiacha imejaa mpaka shingoni, na sasa kijiko kilikuwa kinakwangua chini.

Nikakipiga kikombe kwa mkono na uji ukamwagika kwenye kitambaa cha meza alichokifuma mama.

"Una nini wewe?" mama akauliza. "Dawa za hospitali ni kali, zinaacha sumu mwilini. Hii yako inamsafisha."

Aliyasema hayo kwa fahari kabisa. Ndicho kilichonimaliza.

"Mama, huu unga haujui sumu wala dawa. Unakamata chochote unachokikuta."

"Ulisema sumu."

"Nilisema."

"Kanisa zima lilisikia."

Mdogo wangu alikuwa anautazama uji ukichuruzika kuelekea ukingo wa meza. Akauliza, taratibu tu, kama ina maana alikuwa anameza vidonge na kwenda kuvitupa chooni. Mama akageukia ukutani, akaanza kusema kwa Kinyiha maneno ambayo hayakuwa ya kutuambia sisi.

Tulimweleza daktari yote. Aliduwaa, kisha akaagiza unga ule usimkaribie tena mgonjwa. Mdogo wangu akaendelea na vidonge vyake, na kuanguka kukakoma.

Niliporudi maabara tulifanya jaribio tulilolisubiri kwa muda mrefu. Tuliyeyusha dawa kwenye maji, tukatia unga wangu, tukatikisa, tukachuja. Tulipopima maji, dawa ilikuwa karibu imekwisha yote. Vitundu vilikuwa vimeimeza. Mwalimu wangu alinishika mkono kwa furaha na wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naona kikombe cha uji.

Nikatoka nje nikampigia mama. Nikamuuliza kama mdogo wangu amemeza dawa leo, na amemezea nini.

"Maji," akasema. "Maji matupu, mwanangu. Nimeyaonja kwanza."