Siku kaka yangu aliposhushwa kisimani Gongoni, na kamba ya mwalimu Dama

Wakuu, salaam zenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Leo nimeshinda kwenye semina ya leadership ya vijana, projekta na chai ya maziwa, na muda wote mawazo yangu yalikuwa Gongoni, kijijini kwetu pwani. Nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Chumvi sitatia, ingawa kwetu ndiyo isiyokosekana.

Ilikuwa miaka ya themanini, mimi msichana wa ishirini na kitu.

Mwalimu Dama, mama wa pale kijijini, alikuwa akifundisha ngumbaru, yaani kuwasomesha watu wazima. Sisi vijana tuliomaliza shule tukakosa la kufanya, akatukusanya kundi la kujitolea. Tuliezeka nyumba za wajane, tukawatekea wagonjwa maji.

Sharti lake lilikuwa moja, na lilitukera: kazi inayoogopwa na wote ni ya mwenyekiti wa kundi. Na chakula kikija, yeye ndiye anayewanawisha wenzake, halafu anakula mwisho.

Mtadhani watu waliukimbia uenyekiti. Wapi! Kaka yangu Safari na Omari, kijana wa watu wa visiwani, waliugombea kufa na kupona. Safari akashinda, Omari akanuna.

Kiangazi hicho kisima chetu cha maji matamu kikajaa tope. Vingine vyote maji yake ya chumvi, hata chai haiwezekani. Ilibidi kizolewe tope kabla ya masika.

Sasa kisima chenyewe kilikuwa na sifa mbaya. Watu walisema kina hewa inayolaza mtu, akilala ndiyo basi. Na kazi ya kushuka ni ya nani? Ya mwenyekiti.

Asubuhi ya kushuka kwake sikumeza kitu. Mama yetu alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, huyo huyo.

Nikamwendea mwalimu, hasira zimenijaa.

"Mwalimu, samahani, lakini mbona umtoe kafara kaka yangu? Wewe si utakaa hapa juu tu?"

Alinipa kazi.

"Kadzo mwanangu, wewe shika taa. Usimtazame Safari hata kidogo. Tazama moto. Ukiuona wanywea, piga ukelele."

Taa yenyewe ilikuwa koroboi iliyofungwa uzi, ikashushwa pamoja na Safari, aliyefungwa kamba iliyoshikwa na vijana wenzetu. Penye hewa mbaya moto huzimika kabla ya mtu.

Wakuu, sijui kama mmewahi kukatazwa kumtazama ndugu yenu akiwa hatarini. Nilisikia koleo lake, nikamsikia akikohoa, na macho yangu yako kwenye kijimoto.

Mwanzoni moto ulisimama vizuri. Kisha koleo likazama kwenye tope la chini kabisa, lililooza miaka, na moto ukaanza kunywea.

Nikapiga ukelele.

"Mvuteni! Mvuteni kaka yangu!"

Wakavuta. Lakini Safari alikuwa ameshalegea, mzito kama gunia lililolowa. Kamba ya katani ikateleza kwenye mikono yenye tope, mmoja akaanguka, wenzake wakaachia.

Nilijua amekwisha.

Ila kamba haikwenda yote. Ncha yake ilikuwa imefungwa kiunoni mwa mwalimu Dama, chini ya leso aliyojifunga. Mama yule mwembamba alikuwa anaburutwa mchangani kuelekea kisimani, visigino amevikita.

Tangu asubuhi alikuwa amejifunga na kaka yangu, wala hakumwambia mtu.

Omari alikuwa amekaa kando na kununa kwake. Ndiye aliyeruka akamkumbatia mwalimu, wakaanguka pamoja, na wengine wakaiwahi kamba. Safari akatolewa, midomo ya kijivu. Tulimpepea, nikawa namwita tu. Alipokohoa nililia bila haya.

Mwalimu alikuwa amechubuka kiuno kizima. Alichosema ni hiki:

"Tumekosea. Tumeshuka kabla ya kukipunga kisima hewa. Na kazi haijesha."

Kesho yake tulishusha matawi ya mwarobaini kisimani, tukayapandisha, tukayashusha tena, kuitoa ile hewa mbaya, mpaka taa ikakaa chini bila kunywea. Mwenyekiti mgonjwa, nani atashuka?

"Wallahi nitashuka mimi," Omari akasema. Hakuna aliyemwomba.

Nikachukua uzi wangu wa taa. Nikageuka kuangalia kama wavutaji wako tayari.

Safari alikuwa amekaa mchangani, bado hana nguvu, anajifunga ncha ya kamba ya Omari kiunoni.

Mwalimu Dama alimwona. Hakumzuia. Alikwenda akakaa nyuma yake, akamshika mabega.

Funzo nililobaki nalo, wakuu: kabla hujamtuma kijana mahali pa hatari, angalia ncha ya kamba umeifunga wapi. Mwezeshaji wa semina ya leo anajua kusema, lakini hilo hakuligusa.

Nanyi mliolelewa na mtu wa namna hii, tuambieni alikuwa nani. Na wa kusema natia chumvi, kisima kipo, karibuni mwonje maji yake.