Eedo na uunsi wake

Leo mtu asinisalimie kabisa!

Natengeneza karatasi za kufungia chakula kwa wanga wa mahindi, badala ya plastiki. Napika wanga, naumwaga kwenye sinia, unakauka polepole chumbani, mbali na jua hili letu la Garissa. Joto likizidi tu, zinapasuka.

Nimeenda kuswali adhuhuri. Narudi, chumba kimejaa moshi!

Eedo, dada wa baba, ameweka chetezo cha uunsi, ubani wetu wa kufukizia nyumba, chini ya sinia zangu.

"Zilikuwa zinanuka uji, wallahi. Nimezifukiza kama vibuyu vya maziwa."

Zote zimejikunja na kupasuka. ZOTE.

Na zilikuwa za nani? Zake! Za kufungia halwa ya wageni wake kesho.

Sasa ananiuliza halwa ataifunga na nini.

Nyinyi mngemjibu nini?