Mama Pazia na asubuhi isiyo na makofi

Saa tatu asubuhi, milango ya ukumbi bado imefungwa, na Mama Pazia amepanda kigoda kando ya jukwaa akipaka nta kamba. Anatumia kipande cha mshumaa. Anasugua, anavuta kidogo, anatega sikio, kisha anasugua tena. Juu kabisa, pale kamba inapopita kwenye gurudumu lake, kinasikika kilio chembamba, na yeye anakunja uso.

"Hicho kinaamsha mtoto," anasema. "Siyo wote. Lakini akiamka mmoja, ujue ameamsha ukoo mzima."

Ukumbi huu una mota ya kuvutia pazia. Ilifungwa miaka sita iliyopita. Unabonyeza kitufe, na pazia jekundu linafunguka lenyewe kwa mngurumo wa mashine ya kusaga unga. Maonyesho ya jioni yote yanatumia mota hiyo, lakini kila Jumatano asubuhi inazimwa, kamba ya zamani inarudishwa kazini, na mama huyu wa miaka sitini anarudishwa nayo.

Jumatano asubuhi ni zamu ya wazazi wenye watoto wachanga. Taa hazizimwi zote. Mtu anaingia na kutoka apendavyo, mtoto akilia analia, akitaka kunyonya ananyonya, na chumba cha kuvalia cha waigizaji kina meza ya kubadilishia nepi, chini ya kioo kilekile ambacho jioni watu hupakia wanja. Bati linalotikiswa kuleta ngurumo za radi limefunikwa blanketi. Ngoma inapigwa kwa vidole.

Leo ni Jumatano ya mwisho ya Mama Pazia kabla ya kustaafu. Mtu mmoja tu ndiye aliyemfanya apiganie asubuhi hizi, na mtu huyo hajafika hata mara moja. Ni binti yake.

"Nimewafungulia pazia watoto wa watu mwaka mzima," anasema, akishuka kigodani huku ameshika kiuno. "Wangu yuko nyumbani."

Alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na moja, akishona vifungo vya mavazi ya jukwaani. Mshahara wa kwanza, anasema, ulitosha kununua sabuni ya kufulia sare aliyopewa. Pazia lilikuwa la seremala mmoja mzee, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Siku moja kiuno kilimgomea seremala katikati ya onyesho, akamwita binti wa vifungo aje ashike kamba mara moja tu. Hajaiachia hadi leo.

Wakati huo ukumbi ulikuwa na mabenchi. Wasomaji wenye mvi watayakumbuka, mabenchi yale ya mbao yaliyochana sketi za watu na kuwakutanisha wachumba. Kina mama walikaa nyuma na watoto mgongoni. Mtoto akianza, mama alitoka, akazunguka na mbeleko yake uani, akarudi, na jirani asiyemfahamu akamwinamia kumwambia kilichompita: yule mfalme amekufa, yule kijana kumbe ni ndugu yake. Mwandishi wa makala haya alitazama mchezo wake wa kwanza kwa namna hiyo, akiwa mgongoni, na hakumbuki chochote isipokuwa harufu ya nywele za mama yake. Ni kumbukumbu nzuri hata hivyo.

Mama Pazia alipojifungua, alirudi kazini na kichanga chake. Hakuna aliyeuliza. Kulikuwa na kapu kubwa la mavazi kando ya kamba, wakamlaza mtoto humo, juu ya majoho ya wafalme.

"Alikojolea wafalme watatu," anasema. "Tuliwaanika asubuhi, jioni wakatawala."

Yule mtoto alikulia kapuni. Alipofika miaka minne alikuwa anajua maneno yote ya mchezo wa harusi, uliopendwa kuliko yote, na mwigizaji akisahau mstari, sauti ndogo ilimkumbusha kutoka kwenye mavazi. Alipokua akawa msusi, lakini hakukosa onyesho. Alinunua tiketi kama watu wengine na kukaa mbele.

Hapo ndipo ulipozaliwa mchezo wao wawili. Maana mvuta pazia haoni onyesho. Anaona ubavu wake. Mama Pazia amewatazama waigizaji wote wa ukumbi huu kwa sikio moja na shavu moja, ameona jasho lao na miguu inayotetemeka kabla ya kutoka, lakini ule uso unaowaliza watu hajauona. Kwa hiyo kila baada ya onyesho, mama na binti walikaa jikoni na chai. Mama alisimulia nyuma, binti akasimulia mbele, hadi mchezo ukakamilika.

Mabenchi yaliondolewa. Vikaja viti laini vya kujikunja, likaja zulia, na mlangoni kikatundikwa kibao kwamba watoto chini ya miaka mitano hawaruhusiwi. Aliyekitundika hakumbukwi. Ukumbi ulipendeza, hakuna ubishi, na kina mama wakabaki majumbani bila mtu kugundua walipotelea wapi.

Kisha mwaka jana mchezo wa harusi ukarudishwa jukwaani kwa usiku mmoja. Binti alifika na tiketi yake mkononi na mtoto wa miezi mitatu kifuani. Bawabu, kijana mgeni kazini, akamwonyesha kibao. Binti akaeleza kwamba yeye amekulia humu ndani, kwenye kapu. Bawabu akamjibu kwa adabu kwamba kila mtu ana maelezo yake. Binti akageuka akaenda zake.

Mama yake alikuwa kwenye kitufe cha mota upande wa pili wa ukuta na hakujua lolote. Alirudi nyumbani akabandika maji ya chai, akaanza kusimulia nyuma kama kawaida.

"Akaniambia, 'Mama, usinisimulie.' Basi. Hakunilaumu," anakumbuka. "Angenilaumu ningepata nafuu. Ukumbi wangu ndio ulimfukuza, na mimi ndiye niliyekuwa nawafungulia wengine."

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwa meneja kabla meneja hajafika. Meneja aliona maajabu: watoto wachanga, kwenye zulia lile? Mpinzani mkubwa zaidi, hata hivyo, alikuwa mwigizaji mkongwe anayeitwa na wote Bwana Harusi, kwa sababu ameigiza bwana harusi wa mchezo ule tangu alipokuwa na nywele. Alisema yeye ni msanii, si yaya. Mama Pazia akamkumbusha nani alikuwa akimnong'oneza mistari kutoka kapuni. Mzee akanyamaza, na kwa mtu wa jukwaani huko ni kukubali.

Onyesho la kwanza lilikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na hapo ndipo likaharibika. Watoto walilia mwanzoni, wakatulia, na kufikia harusi yenyewe karibu wote walikuwa wamelala. Pazia likafungwa. Na ukumbi mzima ukakaa kimya. Hata kofi moja halikupigwa.

Bwana Harusi alisubiri. Kisha akavua sharubu za bandia, akakaa juu ya sanduku, akasema kwa sauti ya mtu aliyepewa matokeo ya hospitali kwamba amezeeka na umma umemwambia. Alikuwa analia kweli. Mama Pazia akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye ufa kati ya pazia na ukuta, akamwambia achungulie.

Aliona wazazi wamekumbatia watoto waliolala, wanafuta machozi kwa ncha za mbeleko, na wengine wamenyoosha mikono juu wakichezesha vidole hewani, kwa kuwa shukrani ilikuwa imewajaa na hawakuwa na pengine pa kuiweka. Wangepiga makofi wangeamsha watoto wote.

Tangu siku hiyo ndiyo desturi ya Jumatano. Mchezo ukiisha, mikono inapanda kimya kimya na vidole vinacheza. Bwana Harusi ameizoea, lakini usimwambie anaipenda. "Makofi ya vidole hayashibishi," anasema, akijipaka poda mbele ya meza ya nepi. "Ni sawa na kunusa chakula."

Leo wamefika wazazi wapatao sitini. Fundi wa pikipiki amekuja na mapacha, mmoja kila bega, kwa sababu mkewe yuko kazini. Nyumbani watoto hawa wanamlilia yeye, anaeleza, hapa wanawalilia waigizaji na yeye anapumzika. Mama mmoja kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, anasema tangu ajifungue hajawahi kukaa akatazama kitu kingine zaidi ya mwanawe. "Nampenda sana," anasema. "Lakini kuigiza hajui."

Jana jioni, nyumbani, Mama Pazia alikuwa akipiga pasi sare yake. Alikwisha acha kumwalika binti yake muda mrefu. Aliyezungumza naye ni mjukuu wake, mtoto wa mwaka mmoja na ushee ambaye yeye, kama bibi yeyote, anamwita mume wangu. Alimwambia, kwa sauti ya kufika hadi jikoni: "Mume wangu, kesho nashika kamba kwa mara ya mwisho. Wakikosekana watu wa kukuleta, njoo peke yako."

Huko jikoni sufuria ziligongana.

Sasa ni saa nne na nusu. Mama Pazia amevua viatu, anavuta kamba mkono kwa mkono, na pazia linafunguka bila hata mnong'ono. Mchezo wa leo ni ule wa harusi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuomba.

Mara mlango wa pembeni unafunguliwa na bawabu anaingia kwa kunyata, yuleyule wa mwaka jana. Siku hizi yeye ndiye anayejua kubembeleza kuliko wote, na wapo watoto wasionyamaza ila kwake. Anamsogelea mama sikioni.

"Mama, amekuja. Nimemkalisha mbele katikati."

"Amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Mimi ndiye nimemwambia pole."

Mama Pazia hawezi kuiacha kamba. Ufa wake unamwonyesha viti vya pembeni tu, na mbele katikati hakufikiki kwa jicho. Anasimama pale na kukaza vidole, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana mzaha wowote.

Alichokikosa ni hiki. Binti yake amekaa na mtoto aliyelala kwenye mbeleko kifuani, mkono mmoja mgongoni kwa mtoto, na midomo yake inatembea. Anasema kila neno. Bwana Harusi, ambaye mistari imeanza kumtoroka siku hizi, anakwama pale anapomwomba mkwewe ruhusa. Anatazama chini, anaiona midomo ile, anasoma, na anaendelea kana kwamba alinyamaza kwa makusudi.

Harusi inafungwa. Pazia linafungwa. Mikono inapanda ukumbi mzima, vidole vinacheza, na kimya kinatanda.

Binti haijui desturi hii, maana hajawahi kuja. Anasimama na mwanawe kifuani na kupiga makofi. Anayapiga kwa viganja vizima, yale ya enzi za mabenchi, na hata hamwangalii mtu.

Mtoto wa kwanza kulia ni wake mwenyewe. Anafuata mmoja wa mapacha, kisha pacha wake, kisha ukoo mzima. Fundi wa pikipiki anamtazama binti kwa macho ya mtu aliyekanyagwa kidole, kisha anaanza kucheka, na kwa kuwa sasa hakuna cha kuharibika tena, naye anapiga makofi. Wengine wanafuata. Kwa mwaka mzima wameyabana, na leo yanatoka yote.

Nyuma ya pazia Bwana Harusi amesimama na kofia yake ya harusi, mdomo wazi.

"Nani ameanza?" anauliza.

"Mwanangu," anajibu Mama Pazia, na machozi yanamteremka waziwazi.

"Basi fungua, mama. Fungua tena."

Anaivuta kamba kwa pupa, gurudumu linapiga kelele juu darini, na hakuna anayejali. Mzee anainama mbele ya watoto sitini wanaolia, na anainuka akiwa ameshiba.

Baadaye, viti vikiwa vitupu, Mama Pazia anaeleza mpango wake. Kamba atamwachia bawabu, ambaye amekuwa akijifunza miezi miwili na mikono yake imeanza kuota sugu. Kibao cha mlangoni bado kipo kwa maonyesho ya jioni, na meneja ameahidi kukifikiria, naye ameahidi kumkumbusha kila wiki. Jumatano ijayo atakuja kama watu wengine. Atakaa mbele katikati, na mume wake mapajani, autazame mchezo mzima kwa uso.

"Nimeolewa na harusi hii miaka yote," anasema, "na bwana harusi mwenyewe nimemjua kwa sikio."

Binti yake amepanda jukwaani na kusimama karibu na kapu la mavazi, akimtikisa mtoto aliyeanza kusinzia tena. Wanatazamana. Mama anapangusa mikono yake yenye nta kwenye sare, anampokea mume wake, anamweka begani.

"Haya," anasema. "Mbele kulikuwaje?"

Binti anakaa juu ya kifuniko cha kapu, anavuta pumzi, na kuanza kusimulia tangu pazia lilipofunguka.